Kemshafti ya Kubebea Vyungu

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: nikifunga kemshafti yenye manundu marefu, nitapitaje kwenye tope la Ipinda? Na nikifunga yenye manundu mafupi, kisha nikaitwa kazini Mbeya, si nitapanda milima ya Tukuyu huku malori yananipita?

Enzi hizo serikali ilikuwa imeacha kuwapangia wahitimu kazi. Nilirudi Kyela na shahada, nikaikuta pikipiki kubwa ya safari ndefu ambayo baba aliinunua kwa mtaalamu wa mradi aliyerudi kwao. Kemshafti yake, ule mhimili unaofungua valvu kwa manundu yake, ilikuwa imelika. Ya kiwanda chake haikupatikana, lakini biashara ya kuagiza bidhaa nje ilikuwa imefunguliwa, na mwenye duka la vipuri pale Mbugani aliagiza mbili za viwanda vingine kutoka Dar es Salaam. Nichague moja, nyingine angeirudisha kwa basi la Ijumaa.

"Hii ndefu inataka mbio," fundi wa pikipiki alinieleza. "Ukiikamua kwa mafuta inaruka. Fupi inavuta toka chini, ila mbio usitegemee."

Nikamuuliza habari za springi, joto na mafuta. Nikarudia kuuliza.

"Msomi, umeoa?"

"Bado."

"Ndiyo maana. Kama chuma tu unakichunguza hivi, binti wa watu atazeekea kwao."

Mama mdogo, aliyeishi Matema, alikuwa akinunua vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa huko, nami nikimbebea hadi sokoni Kyela. Sikuwa na kazi nyingine, na hiyo niliiita ya muda. Alhamisi nilimfuata na kemshafti ileile mbovu. Alivizungushia vyungu majani makavu ya migomba, akavipanga kwenye matenga ya ubavuni, akapanda nyuma yangu.

Injini ilizimika kila nilipopunguza mwendo, kwa hiyo kwenye madimbwi nililazimika kuikamua, nayo ikawa inashtuka. Karibu na Ipinda kitu kililia kwenye tenga.

"Kimoja hicho," mama mdogo alisema.

"Nisamehe, mama."

"Sitaki samahani. Ukishaitengeneza, itakwenda taratibu bila kushtuka? Nimeshawaambia wafinyanzi waongeze. Kama una mambo yako ya Mbeya, niambie mapema nitafute mtu wa baiskeli."

Nilikwepa dimbwi jingine. Jibu la chuma nilikuwa nalo tayari: ile fupi. Kilichoniuma ni kwamba siku zote hizo nilikuwa nachagua kemshafti ya kazi ambayo hakuna aliyeniahidi.

Sokoni, vyungu vilivyosalia vilinunuliwa kabla hajamaliza kuvipangusa.

"Ndaga, mwanangu," alinishukuru kwa kilugha, akaenda kutafuta chai.

Ijumaa asubuhi nilimrudishia mwenye duka ile ndefu, basi likiwa bado linapakia. Ile fupi nikampelekea fundi.

"Funga hii."

Alisubiri swali. Nikakunja mikono ya shati, nikachukua spana, nikaanza kufungua kifuniko cha valvu. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshamtuma dereva wa gari la Matema amwambie mama mdogo achukue hata vyungu vikubwa.