Ndagala za Walezi

Nilirudi Kalemie na diploma ya pedagogia, sanduku moja, na kikohozi nilichokitoa kwenye treni. Kazi haikuwepo. Kwenye biro ya elimu waliniambia nisubiri nafasi, wakanionyesha benchi ambapo wengine walikuwa wakisubiri tangu mwaka uliotangulia. Benchi lenyewe lilikuwa limejaa. Nikaenda kumsaidia mama mudogo, mdogo wake mama yangu, aliyekuwa na gardieni ya watoto wadogo karibu na ufuko wa wavuvi.

Gardieni ilikuwa chumba kimoja cha bati ambacho zamani kilikuwa ghala la chumvi. Siku ya jua watoto walifika arobaini. Siku iliyoamka na mvua walikuja watano au sita. Chuoni tulifundishwa sababu nyingi zinazomfanya mtoto asije shule, lakini hii haikuwemo: mvua ikinyesha asubuhi hakuna ndagala, yaani dagaa wa ziwani, za kuanika, na mama asiyeanika anakaa na mtoto wake mwenyewe.

Kina mama walinunua ndagala alfajiri mitumbwi ikirudi, wakazitandaza mchangani, wakashinda hapo wakizigeuza na kufukuza kunguru. Walezi wa gardieni walikuwa wawili, mama mudogo na mwenzake, mjane kutoka upande wa Moba ambaye alijua nyimbo nyingi na hakupenda maswali. Malipo yao yalikuwa ndagala mbichi. Kila asubuhi walipokea mabeseni yao, wakaanika mchangani pamoja na wengine, ndipo wakafungua mlango.

Juma la kwanza sikuona ubaya wa mpango huo. Juma la pili, wingu likatokea juu ya ziwa. Mama mudogo alikuwa amebeba mtoto wa miaka miwili. Alinipa kama mtu anayempa mwenzake sufuria.

"Shika."

Wakatoka mbio kuanua ndagala zao, yeye na mjane, tukabaki mimi na watoto wote. Mvua ilipokatika walirudi wameloa, beseni kichwani, wamefurahi.

"Mama mudogo, siku ambayo mimi sipo, nani anabaki nao?"

"Mutoto mukubwa anasimama mulangoni."

"Mkubwa ana miaka mingapi?"

"Mitano. Lakini iko na akili."

Mlezi anayelipwa kwa samaki ni mlezi wa siku ya jua. Nilimwambia hivyo. Akaniuliza kama chuoni walikuwa wanatupa chakula.

Mkaguzi wa gardieni alikuja siku ya wingu lingine. Alikuwa na koti la kijivu la abakosi na baiskeli, akaiingiza baiskeli ndani ili isiloe. Alinikuta chini, watoto wawili mapajani, mmoja ameshakojoa.

"Sitwayeni," akaniita, kama raia wote walivyoitwa, "wewe njo mukurugenzi?"

"Hapana."

"Mulezi?"

"Hapana."

"Sasa wewe ni nani?"

Nilimwambia nami nimekuwa nikijiuliza tangu nirudi. Hakucheka. Akauliza walezi wako wapi. Nikamwambia wameenda kuanua ndagala. Aliandika neno moja baada ya jingine, taratibu, na mama mudogo alipoingia na beseni lake akamsomea alichoandika. Atarudi kabla ya mwezi kwisha, tena bila kutoa habari. Asipokuta walezi wawili ndani ya chumba, atafunga. Na kama gardieni ina mahitaji, iandike barua.

Barua niliandika mimi, kwa Kifaransa cha chuo. Niliomba mikeka, vitabu vya picha na vitu vya kuchezea. Mama mudogo alisimama nyuma yangu.

"Andika bashi."

"Turubai? Ya nini?"

"Ya kufunika ndagala."

"Mama mudogo, hii ni barua ya mahitaji ya watoto."

"Ndagala zikifunikwa, mimi nitatoka?"

"Hapana."

"Basi bashi ni ya nani?"

Nikaandika bashi. Jibu lilikuja baada ya siku kumi. Walirudisha barua yetu, neno bashi limekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni wameandika kwamba si kifaa cha mtoto. Mengine yote tuyasubiri. Pamoja na barua walituletea picha ya Rais.

Ndipo mama mudogo akawaita kina mama na kuwaomba jambo moja: mvua ikija, waanue kwanza ndagala za walezi, ndipo waanue zao. Wote walikubali haraka sana. Mimi huwa siamini kitu kinachokubaliwa haraka, nikasema.

"We musomi," akadakia mama mmoja mwenye mdomo, "unazani tutaiba?"

"Hapana, Mama. Nadhani kila mtu atakimbilia zake."

"Hauna hata ndagala moja muchangani. Unajua nini?"

Hilo lilikuwa kweli.

Mkaguzi alirudi mchana mmoja wa jua kali. Alikuwa hajamaliza kuhesabu watoto, chumba kikaingia giza na mvua ikaanza kupiga bati. Mama mudogo hakugeuza kichwa. Mjane alianzisha wimbo na watoto wakauitikia, lakini kwa kelele ya bati tuliona midomo tu. Mikono ya mama mudogo ilikuwa ikikunja kanga na kuikunjua. Mkaguzi aliandika: walezi, watatu. Nilifungua mdomo nimsahihishe, mama mudogo akanikanyaga mguu. Karatasi ikapigwa muhuri. Gardieni ilibaki wazi.

Alipoondoka tulikwenda mchangani. Ndagala za mjane zilikuwa zote chini ya paa, kavu, tena nyingi kuliko alizoanika, maana kwa haraka walizoa na za waliokuwa karibu. Za mama mudogo zilikuwa zinaelea. Niliwauliza kina mama mmoja mmoja, na sidhani kuna aliyedanganya. Kila mmoja alikuwa amekimbilia kwanza ndagala za mlezi, kama alivyoahidi, na wote walikimbilia za mjane kwa kuwa ziko karibu na njia. Kila mmoja aliamini wenzake wameenda kwa yule mwingine. Mama mwenye mdomo alilia kuliko wote.

Ndagala zilizoloa hazingoji. Tulizipika, watoto wakala siku mbili mfululizo, na sijawahi kuona gardieni imetulia hivyo. Mama mudogo alisema ameonja jikoni. Hakuwa ameonja. Juma lile hakuwa na kitu cha kupeleka sokoni.

"Kwa hiyo mpango umeshindwa," nikamwambia.

"Karatasi tunayo."

"Na mvua ya kesho?"

Alichukua karatasi ya mkaguzi, akaisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Ameandika walezi wangapi?"

"Watatu. Lakini mimi si mlezi, mimi nasubiri nafasi ya…"

"Anataka wangapi ndani?"

"Wawili."

Akaikunja karatasi, akaenda kuosha sufuria.

Kesho yake, saa nane mchana, nilikuwa nikiwafundisha watoto rangi wingu lilipotokea juu ya ziwa. Mama mudogo hakuinuka. Mjane naye hakuinuka. Walinitazama tu, wote wawili, halafu watoto nao wakageuka kunitazama.

Nikachukua beseni, nikavua viatu.