Milango Kumi na Miwili ya Libérate

Libérate hanunui meshi, yaani nywele za bandia za kusukia, bila kuvuta unywele mmoja na kuunusa. Muuzaji akinuna, anamwachia fungu lake. Saluni yake ya viti viwili pale Umbilo Road ilianza na stuli ya plastiki aliyoibeba kila asubuhi kutoka mtaa wa Albert Park, na mtu aliyefika kwa njia hiyo hanunui sifa, ananunua kitu.

Kosa la mwaka jana lilimkera kwa sababu hiyo hasa. Binti yake Laetitia, wakati huo ana miaka mitano, alirudi shuleni na habari za Halowini: watoto hujigeuza kwa nguo, hupita nyumba kwa nyumba, wenye nyumba huwapa pipi. Mteja mmoja akasifia mitaa ya mlimani, na Libérate, kwa mara moja maishani, akanunua bila kuvuta. Walipanda taxi, wakashuka mbele ya kizuizi na mlinzi. Mlinzi hakuwa mkali. Aliuliza tu wanakwenda nyumba namba ngapi. Hawakuwa na namba. Wakarudi na kikapu kitupu, na mtoto akauliza, "Maman, sisi mlango yetu iko wapi?"

Libérate alimjibu kwamba mwaka ujao utakuwepo. Yalikuwa maneno ya kumnyamazisha mtoto, lakini yalikwisha kutoka.

Kwa hiyo mwaka huu alianza kutafuta tangu Septemba. Kwenye duka kubwa moja aliomba aonyeshwe picha za mwaka uliopita, akaona foleni ndefu, na mtu mwenye kinyago cha damu anawarukia watoto wadogo. Akaaga. Jengo analokaa mwenyewe alilipima bila huruma: ngazi giza, lifti mbovu, wapangaji wapya kila mwezi. Hapana. Alichotaka ni geti moja, ukumbi wenye taa, hakuna mbwa, na watu wa kukaa nyumbani mchana.

Alikipata kitini pake. Cathy, mteja wake wa siku nyingi, mwenyeji wa hapa, si mhamiaji kama Libérate, anakaa kwenye fleti za ghorofa tatu hukohuko Umbilo, na mtu anayesukwa kwa saa nne hana pa kukimbilia. Misuko kufika masikioni, Libérate alikwisha kujua idadi ya milango. Kufika kisogoni, Cathy alikwisha kuguna "eish" na kukiri kwamba kamati ya jengo haitaki watoto wa nje. Libérate hakubishana. Aliuliza kamati ni nani. Ikawa ni mtu mmoja, mzee Perumal wa namba tisa, mjane aliyestaafu ualimu, asiyependa kelele wala mbio.

Jumapili alimwendea, bila mtoto. Aliomba milango yote kumi na minane, kuanzia saa tisa mpaka saa moja jioni. Mzee akakataa kama ilivyotakiwa akatae. Walipoachana ilikuwa milango kumi na miwili, saa kumi mpaka kumi na moja na nusu, watoto saba, hakuna kukimbia, hakuna vinyago. Mzee alifunga mlango akidhani kashinda. Libérate alikuwa amekuja kutafuta kumi.

Aliyemshinda ni Marie-Louise, msusi wa kiti cha pili, mama wa mapacha waliokuwa kwenye wale saba.

"Mtoto yangu aende kuombaomba kwa watu?" alisema. "Kwani kwangu hakuli?"

Kwao mtoto anayeomba chakula kwa jirani anamvua mama yake nguo. Aliyemwokoa Libérate ni Bi Rukia wa Tanga, jirani yao, aliyekuwa amekaa pembeni akingoja zamu.

"Kwetu siku ya Idi watoto wanapita nyumba zote, wanapewa," alisema Bi Rukia. "Nani kawaita ombaomba? Mtoto kaamkia, kapewa. Hajaomba."

Marie-Louise alimaliza mstari aliokuwa akiusuka. Sawa, alisema, lakini Bi Rukia awafundishe watoto kuamkia yeye mwenyewe.

Akawafundisha, alasiri mbili. Libérate alikagua geti, taa na ngazi. Hilo somo hakulikagua.

Siku yenyewe Laetitia alijigeuza robot, zile taa za barabarani, kwa boksi lenye duara jekundu, la njano na la kijani. Mapacha wa Marie-Louise walikuwa wachungaji wawili wa kanisa, wamefunga tai. Mama yao hakukubali zaidi ya hapo. Saa kumi kamili walibisha namba tisa. Mzee Perumal alifungua, bakuli mkononi. Watoto saba wakasema shikamoo kwa sauti moja, wakavua viatu, wakavipanga ukutani, wakapita chini ya mkono wake, wakaenda kukaa kwenye zulia, mikono mapajani.

Ndivyo Idi inavyokwenda Tanga. Huchukui kitu mlangoni kama barua. Unaingia, unakaa, unaulizwa hali za wazazi.

Libérate alibaki ukumbini akipiga hesabu. Wakikaa hivi kila nyumba, itakuwa milango minne. Alikwisha kuandaa maneno ya kuomba radhi, ndipo mzee akamuuliza Laetitia yeye ni nini.

Laetitia alisimama. "Robot," alisema, akashika duara jekundu. Mzee akasimama tuli na bakuli lake. Akangoja. Mtoto akamwacha asimame vizuri kabla ya kushika kijani, na mzee akaenda jikoni kuleta juisi.

Badala ya kuomba radhi na kuwatoa watoto, Libérate alimtuma Cathy, aliyesimama naye ukumbini, agonge milango mingine aseme wageni wako namba tisa. Majirani walitoka na mabakuli, wakaona viatu kumi na vinne vimepangwa, na wengine, bila kuambiwa, wakavua vyao. Yakaingia mabakuli kumi zaidi. Namba kumi na nne hakufungua, na Libérate aliiweka akilini.

Saa kumi na moja na nusu mzee alitazama saa, akasema makubaliano yamekwisha. Watoto walirudi kwenye viatu vyao. Laetitia, kikapu kimemlemea, aligusa namba ya shaba mlangoni.

"Maman, mlango yetu ni hii," alisema. Hakuwa anauliza.

Mzee alitaka kujua kama mwaka ujao watakuwa saba tena.

"Kumi na watano," alisema Libérate.

"Kumi."

Libérate aliinama kutafuta kiatu cha kushoto cha mchungaji mmoja, na alikitafuta taratibu, akimpa mzee nafasi ya kupandisha.