Fulana Zilizogeuzwa

Fulana mpya ya kampeni ina harufu yake, ya wino na ya gunia ilimofungiwa, na kila ninapoisikia nakumbuka pia magugu yaliyong'olewa na uji wa mtama ulioanza kuchacha. Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Niliishi na nyanya yangu, ambaye sisi Wakamba humwita Susu, upande wa Kanyangi katika kaunti ya Kitui. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, ndengu zimeota, shule zimefungwa, na chama chetu kilikuwa kinajiandaa kumteua mgombea wake wa kiti cha mwakilishi wa wadi. Nasema chama chetu kwa sababu nyumbani kwa Susu hilo halikuwa jambo la kuulizwa. Kadi yake ya uanachama, iliyofunikwa kwa plastiki ngumu, ilikaa kwenye mkebe mmoja na kadi yangu ya ubatizo na sindano zake za kushonea viondo, vile vikapu vya mkonge, na mkebe huo sikuruhusiwa kuugusa nikiwa na mafuta mikononi.

Kwetu shamba halipaliliwi na mtu mmoja. Wanawake kama ishirini walikuwa na kikundi chao cha kusaidiana kazi, mwethya, leo kwa huyu, kesho kutwa kwa yule, kwa zamu iliyopangwa hata kabla ya mbegu kuingia ardhini. Kikundi kilikuwa na sheria moja ya kuogopwa: atakayefika shambani wa mwisho atateremka mtoni, afukue maji kwenye mchanga, apande nayo kilimani mtungi mgongoni na mkanda kwenye paji la uso, wenzake wanywe. Kisingizio hakikukubaliwa, hata kama ng'ombe wako alikuwa anazaa. Nimewaona mama wazito, wanaoheshimiwa kanisani, wakitimua mbio alfajiri na majembe begani huku wakivutana leso na kucheka mpaka wanaishiwa pumzi. Mpuliza filimbi ya kuanza kazi alikuwa jirani yetu Kamene, niliyemwita Mwaitu, yaani mama, mwembamba kama ufito lakini mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Yeye na Susu walikuwa marafiki tangu usichana wao. Mimi nilipewa mstari wangu wa kupalilia, na nikiushika nilijiona mtu mzima kabisa.

Halafu ikaja kura ya mchujo. Waliotafuta tiketi ya chama walikuwa wawili: Mwalimu Musyimi, aliyekuwa amestaafu ualimu mkuu, na Mama Ndanu, mwenye kinu cha kusaga unga pale sokoni. Chama kilikuwa kimoja, rangi moja ya zambarau, fulana zimetoka kiwanda kimoja, tofauti ni picha iliyokuwa kifuani tu. Ungedhani watu wa chama kimoja wangetaniana wakamalizana. Wapi. Susu alimtaka Mwalimu, Kamene alimtaka Mama Ndanu, na kila siku maneno yaliongezewa chumvi. Siku moja katikati ya kupalilia, Susu alisema unga wa Mama Ndanu hurudi ukiwa mwepesi kuliko mahindi yaliyokwenda. Kamene akanyooka. "Na Mwalimu wako," akasema, "alichapa watoto yetu miaka yote hiyo na hakuna hata mmoja amekuwa daktari." Alitia filimbi kifuani, akaita wanawake wa upande wake, wakaondoka na majembe yao mistari ikiwa nusu. Zamu iliyokuwa inafuata ilikuwa ya Susu.

Siku yetu ilipofika tulipika sufuria kubwa ya muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, tukangoja. Hakuja mtu. Wa upande wa Kamene walikuwa wamenuna, na wa upande wetu walikuwa juu ya lori wakimwimbia Mwalimu masokoni. Ndengu ni mmea mwororo. Magugu yakiuwahi ukiwa mchanga, hautoi maganda ya maana, na hatukuwa na shamba lingine la kutulisha. Mimi na Susu tulianza wenyewe. Tulipalilia siku nne, na kila tukigeuka nyuma tuliona majani yale yale yakichungulia tulikopita. Muthokoi tuliula mpaka nikauchukia. Niliogopa kweli. Si njaa tu niliyoiogopa, bali kumwona Susu akifanya kazi bila kuimba, kwa sababu sikuwa nimewahi kuona hivyo.

Siku ya mchujo alifunga leso yake nzuri, akatoa kadi mkebeni, tukaenda kupanga foleni kwenye shule ya msingi. Kamene alikuwa nyuma yetu watu sita hivi, akiangalia mawingu. Karani wa chama alikuwa kijana mgeni, aliyeletwa kutoka sijui wapi. Alipitisha kidole kwenye karatasi, akarudia.

"Shosho, jina yako haiko kwa hii rejista."

"Kwanza mimi si shosho, mimi ni susu," alisema nyanya yangu. "Pili, angalia tena. Mimi niko kwa hii chama kabla mama yako akuzae."

"Si mimi, ni rejista. Simama kando kidogo."

Tukasimama kando, kwenye kivuli cha ukuta wa darasa. Haukupita muda Kamene naye akaambiwa hivyo hivyo, akaja akasimama hatua tatu kutoka kwetu na kadi yake mkononi. Mpaka saa sita mchana watu wa kando walikuwa wengi kuliko wa foleni, wa Mwalimu na wa Mama Ndanu wakiwa wamechanganyika, na hakuna aliyekuja kutuambia tungoje au twende. Siku mbili baadaye redio ikatangaza kuwa cheti cha chama amepewa mtu wa tatu, ambaye hatukuwa tumemwona hata kwenye bango. Susu alizima redio. "Mimi nilikuwa nasema chama yetu," aliniambia taratibu. "Kumbe tulikuwa wageni." Aliitoa kadi mkebeni akaiweka mezani kifudifudi.

Kesho yake alfajiri niliamshwa na filimbi. Nilitoka mbio na kumkuta Mwaitu Kamene katikati ya ndengu zetu, ameinama, mstari wa kwanza ameshaufikisha katikati. Alikuwa amevaa fulana ya zambarau iliyogeuzwa ndani nje, uso wa Mama Ndanu ukiwa umelala kwenye ngozi yake. Wengine walikuwa wanateremka kilimani kwa mbio, wa pande zote mbili, karibu wote wamegeuza fulana vilevile. Hawakuwa wamekubaliana, ni kwamba fulana hizo zilikuwa ngumu, nzuri kwa shamba, na hakuna aliyetaka kuzitupa wala kusomwa kifua. Susu alitokea mlangoni akifunga kilemba. Kamene alimtazama kutoka miguuni mpaka kichwani.

"Umekuwa wa mwisho kwa shamba yako mwenyewe," akasema. "Maji."

Susu alicheka mpaka akakaa kizingitini, akajipangusa machozi kwa leso, kisha akachukua mtungi na kuteremka mtoni kama sheria inavyotaka. Hakuna aliyeomba msamaha siku ile, labda kwa sababu wote walikuwa na kinyongo na mtu mwingine. Waliimba wimbo wa kumsifu mgombea mwenye cheti, na walipofika kwenye jina lake walinyamaza wote pamoja, kwani hakuna aliyelikumbuka, kisha wakaangua kicheko na kuanza upya. Saa tisa alasiri shamba lilikuwa safi. Nilikuwa na furaha hata miguu haikutaka kutulia. Ndengu zilizaa, na wakati wa kuzipima Susu alijaza kopo, akachukua ile kadi ya plastiki na kusawazisha nayo mdomo wa kopo. "Sasa imepata kazi," alisema.

Siku hizi nauza dawa za mifugo mjini Kitui. Mwezi huu, mchujo ukiwa umekaribia tena, simu yangu ilipokea ujumbe wa kunishukuru kwa kuwa mwanachama mwaminifu wa chama ambacho sijawahi kujiunga nacho. Jina langu liliandikwa kamili, Mumbua na yale mengine mawili. Nilimpigia Susu kumlalamikia, naye akacheka kile kicheko cha kizingitini. "Mimi nilikuwa na kadi wakanikosa," akasema. "Wewe huna kadi na wamekupata. Wachana na hao. Kesho ni zamu ya Kamene, kuja."

Nilichukua pikipiki ya kwanza, na bado nikakuta wameanza. Susu alikuwa mstarini, mgongo umepinda lakini jembe linakwenda. Mwaitu Kamene haoni vizuri sasa; alikuwa amekaa kwenye kigoda mwisho wa shamba, filimbi shingoni, akisikiliza nyayo. Sikuwa hata nimemsalimia.

"Mumbua," aliita, akinyooshea mtungi kidole. "Maji."

Nikavua viatu vya mjini, nikaenda.