Kijiji Kisicho na Jalala

Mwezi uliopita nilipita Mpui kwenda msibani, nikayaona matuta yetu ya mviringo, yale ambayo sisi Wafipa tunafukia nyasi ndani zioze ziwe mbolea. Ndugu yangu, mikono hii ya uzee ikataka kushuka kwenye basi ikafukue.

Shule niliishia darasa la pili, lakini majina ya watu sisahau. Dada yangu aliitwa Felista. Miguu yake haikumbeba tangu utotoni, ila vidole vyake vilikuwa fundi. Alitengeneza magari ya waya: malori, basi, hata trekta la misheni. Mimi nilikuwa mwokotaji wake jalalani. Nilileta waya, vizibo vya soda, soli za ndala za kukatia magurudumu, spoki za baiskeli za kufanyia ekseli. Kila aina aliifunga kwenye fundo lake la kitambaa, mafundo yote ndani ya kopo moja kubwa la maziwa. Alikuwa akipapasa fundo tu, anajua lina nini.

"Waya haukunjwi kwa hasira," alinifundisha. "Uzungushe kwenye msumari polepole. Polepole, mjinga wee, utaukata!"

Watoto walijaa uani kwetu: Onesmo, Leokadia, Paskali, Kristina wa Mama Sabina. Aliyeleta kizibo alipewa zamu ya kushika usukani. Hakuna aliyemwita Felista kiwete.

Halafu ikaja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa. Mgambo akasimama juu ya lori, akasema chakula, sufuria na majembe tu. Akalitazama kopo mkononi mwangu.

"Na hizo takataka, binti?"

Mama alikuwa amembeba Felista mgongoni, akanikonyeza niliache. Nikakimbia kulifukia kwenye tuta la nne kutoka mlango wa jikoni. Nilidhani tutarudi kuvuna maharage.

Huko kwenye kijiji kipya nyumba zilipangwa mistari, watu wametoka vijiji vinne. Watoto wageni wakaja kuchungulia mlangoni.

"Jitu zima linatambaa!"

Felista akaniambia, "Mdogo wangu, nifuatie kopo. Nikiwa na gari hata moja, hawa watakaa."

Nikatoroka asubuhi. Nyumba zetu nilizikuta zimebomolewa, jiko halijulikani lilikuwa wapi, mlango wa kuanzia kuhesabu haupo. Nikafukua tuta la kwanza, la pili, la ishirini. Nikang'oa maharage ya Mama Sabina yenye maganda machanga, huku nalia. Kopo sikuliona.

Felista alinifuta damu kwenye kucha kwa khanga yake. "Basi, okota hapa hapa."

Nikazunguka kijiji kizima. Ndugu yangu, kijiji kipya hakina jalala! Hakuna aliyekuwa na cha kutupa. Kopo ndilo kikombe, waya ndio komeo la mlango, ndala ikikatika inashonwa. Nikamletea mabua ya mahindi. Akaunda gari zuri, akaliweka mlangoni, likaliwa na mbuzi. Wale watoto wakacheka mpaka wakakaa chini.

Hakuniomba kitu tena. Aligeukia ukuta, vidole vikawa vinakunja waya ambao haupo.

Leo plastiki na makopo vimejaa mitaroni kule hadi maji hayapiti, na hakuna mtoto anayeinama kuokota. Felista tulimzika mvua zilizofuata baada ya kuhamishwa, kabla kijiji kile hakijatupa hata kopo moja.