Siku Kompyuta ya Loisi Ilipolia Tena

Mke wangu alinituma kazi miaka miwili baada ya kumzika.

Msinicheke. Mimi si mtu wa mazingaombwe. Niliishia darasa la nne, naandika kwa vidole viwili, na ninachowaambia nilikiona kwa macho yangu.

Naitwa Kefa. Mwaka 2003 nilikuwa na kibanda cha kuchapa barua pale Ihumwa. Alikianzisha marehemu mke wangu, Loisi. Alikuwa mpiga chapa serikalini. Wakubwa wakasema nchi inafunga mkanda, wakampunguza kazi.

Mkanda waliufunga kiunoni kwa Loisi. Matumbo yao yaliendelea kunenepa.

Akanunua kompyuta kuukuu kwenye mnada, akaanza upya. Tena alijua kuitumia, bwana. Mteja akiahidiwa barua Jumatano, basi Jumatano kompyuta inalia ti! ti! ti! na kuleta maandishi: "Barua ya fulani leo."

"Mimi nikisahau, hii haisahau," alikuwa akisema.

Loisi alifariki Machi 2001. Aliingia hospitali kwa miguu yake, siku ya tatu kauli ikakata.

Kompyuta nayo ikanyamaza. Haikulia tena. Mimi nikasema imefiwa.

Mwezi huohuo binti yetu Anjelina akakosa nafasi ya chuo cha uuguzi. Jina lilitoka, nafasi ikapotea. Nikaenda chuoni nimevimba.

"Mzee, fomu yake haijafika," karani akasema.

"Ililetwa na mama yake! Semeni mmempa mtoto wa mkubwa!"

Niliwatukana mpaka mlinzi akanishika mkono. Anjelina akarudi kwa bibi yake, kijijini Haneti, kulima alizeti. Akazalia hukohuko.

Nikabaki na kompyuta. Nayo ikazeeka kama mimi. Unaiwasha, unakwenda kuchota maji, unarudi, bado inajifikiria.

Mteja wangu mkubwa, Respicius, karani wa mjini, akanivunjia heshima mbele za watu.

"Mzee Kefa, hii kompyuta ama uitengeneze ama uifugie kuku."

Watu wakacheka. Kesho yake hakuja.

Nikamwita Iddy, fundi wa mjini. Akaizunguka kama anayepima jeneza.

"Shikamoo mzee. Huyu ni marehemu mtarajiwa."

"Sema dawa."

"Tuongeze memori, tubadilishe hadi diski. Au utupe, ununue nyingine iliyotumika. Kokote uendako, ni bei ya ng'ombe mzima."

Ng'ombe nilikuwa naye mmoja tu. Na Anjelina alikuwa ameshaniomba ng'ombe huyohuyo.

"Baba, muuze nikajifunze hata ushonaji," alinitumia ujumbe.

Nikamjibu vibaya. Nchi hii wanasoma watoto wa wakubwa, wewe lima.

Basi nikamuuza ng'ombe mnadani, hela nikaitia mfuko wa shati. Ila moyo ukawa mzito. Usiseme sikuwaza. Niliwaza njia nzima. Kibanda kikifa, mimi nakula nini? Na mtoto je?

Iddy akaja na vifaa vyake. Kabla ya kufungua akakodoa macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Mzee, kwani uko mwaka gani?"

"Ule ulioko wewe."

"Kompyuta yako iko mwaka themanini!"

Kumbe ndani kuna kibetri kidogo, mviringo kama kifungo cha koti, kinachoshika saa. Kilikuwa kimekufa. Umeme ukikatika, kompyuta inarudi mwaka 1980 na kuanza kuhesabu upya, siku ya kulia haifiki. Na umeme wa kwetu mnaujua. Mimi tarehe za barua nilikuwa naziandika kwa mkono, sikujua lolote.

"Hiki ni cha bei ya soda," Iddy akasema. "Ngoja nikiweke kwanza, mengine baadaye."

Akakiweka. Akarekebisha tarehe. Akaiwasha upya. Tukangoja kama kawaida.

Ti! Ti! Ti!

Nikasogeza uso.

Kwenye kioo pameandikwa hivi:

"KEFA. FOMU YA ANJELINA NIMEIJAZA. IMO NDANI YA BOKSI LA PRINTA ISINYESHEWE. WEKA SAHIHI, PELEKA KABLA YA TAREHE 9 MACHI 2001. USISUBIRI NIRUDI."

Iddy akavua kofia.

"Mzee… si marehemu mkeo huyu?"

Mimi macho hayakuwa tena kwenye kioo. Nilikuwa natazama chini ya meza. Boksi la printa lilikuwa palepale, miguu yangu iko juu yake. Miaka miwili nimeligeuza kiegemeo cha miguu.

Fomu ilikuwemo. Kavu kabisa.

Nikamlipa Iddy betri na nauli yake.

"Na memori, mzee?"

"Iache ife kwa uzee wake."

Kesho yake nikaenda Haneti. Anjelina alikuwa anapepeta alizeti, mtoto mgongoni. Nikampa fomu. Akasoma mwandiko wa mama yake mpaka chini, penye nafasi ya sahihi ya mzazi. Patupu.

"Baba, hukuniuliza hata siku moja fomu iko wapi. Ulikwenda kugomba tu."

Nikatoa hela yote ya ng'ombe. Akaipokea, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Una kalamu?"

"Ninayo."

"Weka sahihi."

"Ya nini sasa, mwanangu?"

"Weka. Mama alikutuma."

Nikaweka, juu ya goti langu. Akaikunja, akaingia nayo ndani. Nikabaki nje na kuku.

Sasa ninyi mnaosoma, sikilizeni. Umeme walikata wakubwa, na kwa hilo siwasamehe. Loisi walimpunguza wao, na kwa hilo pia siwasamehe. Lakini boksi nililikanyaga mimi.

Siku utakayoamka kuwatukana wakubwa, watukane tu, wanastahili. Ila kwanza inua miguu yako uangalie umekanyaga nini.