Kadi Iliyosema Subiri

Kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu walimwita Waya, maana ndiye aliyeshika mtandao wote, tangu kompyuta za wasanifu ghorofani hadi mitambo ya chini. Siku hiyo mtandao ulikufa ganzi. Si kwamba ulikatika, la. Taa zote ziliwaka, ila kurasa hazisogei. Mkuu wa mitambo akapanda ngazi akihema.

"Waya, juzi ulipanua pakiti, ukatuambia kurasa kubwa zitapita upesi. Haya, umetukaba!"

Kweli ni yeye aliyeruhusu pakiti, vile vifurushi vinavyobeba data, ziwe kubwa kuliko kawaida, na kifaa kisichozikubali huzitupa kimyakimya, hakisemi hata pole. Akarudisha kipimo cha zamani. Wapi! Kurasa zikaganda vilevile.

Basi akakaa mbele ya swichi, lile sanduku linalounganisha nyaya zote, akasoma hesabu za kila tundu. Sasa, kadi ya mtandao, kile kipande kinachoiunganisha kompyuta na waya, ikielemewa hutuma ishara ya kuomba isubiriwe, na swichi huacha kuiletea mizigo mpaka ipumue. Ni adabu nzuri hiyo. Lakini kadi moja, ya kompyuta ya stoo, haikuelemewa na lolote. Ilikuwa mbovu tu. Ikawa inasema subiri, subiri, haimezi mate, na swichi kwa utiifu wake ikarundika mizigo ya stoo mpaka ya wengine ikakosa pa kupita. Waya akauchomoa waya wa kadi hiyo. Huko chini mitambo ikanguruma.

"Kumbe ni kifaa kimoja tu!" mkuu akacheka.

Yeye hakucheka. Neno hilo la subiri, jamani, alilijua. Kila mara mchumba wake, seremala, alipotaka waoane, mama alisema: subiri kwanza, kaka yako amalize chuo. Subiri kwanza, mguu wangu upone. Kaka ana watoto wawili sasa, na huo mguu unakimbiza kuku. Seremala naye amepata kazi mji mwingine, anaondoka Jumamosi, na amesema wazi kwamba hataomba tena. Waya aliogopa kumpoteza, na aliona haya kwamba miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza swali moja dogo.

Jioni alimkuta mama kitandani anakunja nguo.

"Mama, Jumamosi nataka kuondoka naye."

"Subiri kwanza, mwanangu."

"Nisubiri nini?"

Mama akanyoosha kanga iliyokwisha kunyooka. "Si… hilo paa."

"Paa tuliezeka upya mwaka jana. Nisubiri nini, mama?"

Mama akaiweka kanga pembeni. Halafu, kwa sauti ndogo: "Usiku nikikohoa, nani atasikia?"

Loo! Kumbe ndilo hilo. Waya akamshika mkono, machozi yakimtoka.

"Twende wote."

"Nikaishi kwa mkwe? Thubutu!"

"Basi dada yangu atahamia hapa. Nitamwomba mwenyewe. Lakini mimi naenda, mama."

Mama akarudi kwenye nguo zake. Waya akatoa simu, akampigia seremala palepale kitandani. "Nakuja," akamwambia. Alipokata simu, mama alikuwa bado anakunja. Ila sasa alikuwa anatenga mafungu mawili, na nguo za binti yake alikuwa anazipanga kando, taratibu, karibu na mlango.