Nusu Iliyotoka Kwangu

Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa na sura yangu. Nilimpokea wodini, nikamgeuza huku na huku kama mtu anayenunua kuku mnadani: paji la uso langu, masikio yangu, na hii pua ambayo marehemu mume wangu alizoea kusema imekaa kama inatafuta ugomvi. Nikawatangazia waliokuwepo, "Hapa mama yake ameazimisha tumbo tu. Huyu ni wangu." Watu wakacheka. Mama yake alikuwa amelala pale pale, anasikia kila neno, akatazama ukutani.

Mama yake ni binti wa Kabwe, kule ziwani. Anauza dagaa na migebuka sokoni mjini, na mwanangu, ambaye ni fundi uashi, alimpatia huko huko sokoni. Wamepanga vyumba viwili mtaa wa Malangali. Mimi nakaa Izia, pembeni kabisa, pale nyumba zinapochoka na mashamba ya mahindi na ulezi yanapoanza. Katika ukoo wetu mjukuu wa kwanza akishaachishwa kunyonya huja kulelewa na bibi. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Kwa hiyo mtoto alikuja kwangu akiwa anatembea kwa kuyumba, na mama yake akawa anamwona Jumapili baada ya misa. Meno yalipokamilika, mwanya wangu nao ukajitokeza. Nikazidi kuringa.

Nilimlea kama nilivyolea wengine. Ufipa ni juu, ni baridi, na mtoto wa huku hakuzwi kwa kufunikwafunikwa. Maji ya kuoga nilikuwa nayaweka nje kwenye ndoo tangu jioni, alfajiri nammwagia. Ndivyo mama yangu alivyonifanya, ndivyo nilivyowafanya wanangu sita, na wote wana vifua kama milango. Mtoto akilia namtania: "Lia, lia wee! Watu wa ziwani ndio wanaogopa maji ya baridi, ajabu yake wanaishi majini." Hilo neno nilikuwa nalitoa kwa sauti hata mama yake akiwepo.

Alikuwa na vitu vyake. Alipokuwa mdogo kabisa, vidole na nyayo vilimvimba; nikamkanda, nikasema mifupa inakua. Mara macho yawe ya manjano. Nikasema ni dagaa wengi anaoletewa na mama yake. Kila jambo zuri la mtoto lilikuwa limetoka Izia, na kila kasoro ilikuwa imepanda na samaki kutoka Kabwe. Hesabu zangu zilikuwa hivyo, na sikuwahi kuzirudia kuona kama zimekaa sawa.

Basi asubuhi moja ya mwezi wa saba, ule upepo wetu unaochana midomo, nikamwogesha kama kawaida. Alikuwa wa kukaribia kuanza chekechea wakati huo. Kufika saa nne akashika miguu yake. Nikadhani deko. Nikamwambia inuka ucheze. Hakuinuka. Nilipogusa goti lake alitoa kilio ambacho sijakisikia kwa mtoto, kilio cha mtu mzima. Nikamfunga mgongoni, nikapanda bodaboda hadi hospitalini. Njia nzima alikuwa ananiuma bega kwa maumivu, na mimi nilimwacha aume.

Mwanangu na mke wake walifika wakatukuta bado tunasubiri. Manesi wakamtundikia mtoto dripu, wakamchoma dawa ya maumivu, wakamtoa damu. Yule binti wa Kabwe hakulia. Alisimama kichwani mwa mwanawe, akasema polepole, bila kunitazama, "Akitoka hapa, namchukua."

Nikamwambia, "Unamchukua umpeleke wapi? Mtoto ni wangu. Hiyo damu ni yangu, mtazame usoni."

Mwanangu akasema, "Mama, jamani, hapa ni hospitali." Nikanyamaza kwa sababu ya hospitali, si kwa sababu ya yeye.

Majibu yalipotoka, daktari alituita sote watatu. Ni binti mdogo, angeweza kuwa kitinda mimba wangu. Aliniamkia vizuri, akasema mtoto ana selimundu, ile ambayo watu wengi wanaiita sikoseli. Akaeleza kwa utaratibu. Kwamba kila mtu ana mafungu mawili ya kumtengenezea damu, moja alipewa na baba yake, moja na mama yake. Ukiwa na fungu moja bovu na moja zima, huumwi. Unalima, unazaa, unazeeka hujui kitu. Lakini mtoto akipewa lile bovu na baba, na lile bovu na mama, ndipo chembe zake za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba njia, na pale palipozibwa ndipo panapouma.

"Na kinachoamsha maumivu," akasema, "mara nyingi ni homa, kukosa maji mwilini, na baridi. Huyu asiogeshwe maji ya baridi kabisa."

Hakuna aliyenitazama. Afadhali wangenitazama. Mkwe wangu alikunja pindo la kitenge chake, akalikunjua, akalikunja. Nikaona lazima nizungumze, maana nikiendelea kukaa kimya kile kimya kitakuwa changu peke yangu. Nikasema, "Daktari, hayo ni magonjwa ya ziwani. Sisi wa huku juu hatuna."

Mkwe wangu akageuka. "Mama, hujasikia? Kasema pande mbili."

"Upande wetu hauna."

"Basi mwanao la kwake alilinunua sokoni? Maana kwangu alinunua migebuka tu."

Nesi aliyekuwa mlangoni akajifanya anakohoa. Mwanangu, ambaye siku zote maneno yake yanahesabika, akauliza swali la maana kutuzidi sote: "Na tutakaowazaa baadaye?"

Daktari akasema kila mimba ni kuchota upya bila kuangalia. Ukigawa bahati mafungu manne, moja ni mtoto mgonjwa, mawili ni mtoto anayebeba kimya kama wazazi wake, moja ni mtoto aliye huru kabisa. Na kwamba mmoja akishaumwa, hiyo haimaanishi wanaofuata wamekombolewa. Kila mmoja anachotewa lake.

Nilikaa kwenye benchi la nje nikawaza ng'ombe. Shule nilikaa kidogo tu, lakini ng'ombe nawajua. Zamani tulikuwa na jike jeusi na dume jeusi, wakazaa ndama mwekundu kama udongo wa tofali. Mume wangu akaenda kwa jirani na fimbo, akidai dume lake jekundu limeruka boma. Jirani akaapa kwa Bikira Maria kwamba dume lake siku zile lilikuwa limefungwa, linaumwa kwato. Wale watu hawakusalimiana mpaka wakafa. Sasa nikaona: ule wekundu ulikuwa ndani ya wale weusi wawili, kila mmoja ameuficha nusu. Lakini ukweli huo niliufikisha kwa ng'ombe tu, nikauachia hapo hapo. Kwa watu wangu sikuufikisha.

Nikarudi ndani. "Nipimeni na mimi."

Daktari akasema, "Bibi, si lazima. Baba na mama wa mtoto tumeshawapima, kila mmoja anabeba. Inatosha."

"Nipimeni. Mtaiona damu ya mlimani ilivyo."

Nilikunja mkono wa sweta kwa majivuno. Nakumbuka hata nilimwambia nesi achome vizuri asiniharibie mshipa wa kulimia. Mkwe wangu alikuwa anatazama. Nilitaka atazame.

Majibu yangu daktari aliyasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekupa habari za msiba. Nina fungu moja zima, na moja bovu. Kwa hiyo mwanangu angeweza kulipata kwangu. Marehemu baba yake huenda alikuwa nalo, huenda hakuwa nalo, hakuna wa kumpima. Lakini hata bila yeye mimi nilitosha.

"Hakuna wa kulaumiwa, Bibi," akasema. "Hukuchagua." Akaongeza kwamba hili fungu limejaa zaidi sehemu zenye malaria nyingi, kwa sababu anayebeba moja tu, malaria haimuui kirahisi. Watoto wa namna hiyo walipona, wakakua, wakazaa, wakalipitisha. "Lakini watu hawakai mahali pamoja. Kwenu hakuna aliyepanda kutoka bondeni?"

Nikasema hakuna. Nilisema hivyo moja kwa moja, bila kufikiri, kama mtu anavyotaja ukoo wake. Ukoo wetu tunauhesabu kwa baba, na baba, na baba, wote wa juu huku, watu wa ulezi. Nilikuwa nimeshafika geti la hospitali ndipo bibi mzaa mama akanijia akilini.

Yule bibi alipanda kutoka ziwani akiwa msichana, na kapu la samaki wakavu kichwani, kuja kubadilisha na ulezi. Babu akamwona, hakurudi. Baridi hakuizoea mpaka anakufa. Mwezi wa sita hadi wa nane alikuwa hatoki jikoni, amejikunyata kwenye mafiga, na sisi wajukuu tulikuwa tunamcheka, tunamwita paka. Nilikuwa najua alikotoka. Sikuwahi kulificha. Ila sikuwahi kumhesabu, kwa sababu alikuwa mwanamke, na wa upande wa mama. Na mimi mwenyewe je, kwa mjukuu wangu ni nani? Mwanamke. Lakini mwenyewe nilijihesabu, nikajipa paji la uso, nikajipa pua, nikajipa mwanya.

Daktari aliniambia hakuna wa kulaumiwa akidhani ananisaidia. Mtu akikulaumu unapata pa kusimama ukajitetea. Ukiambiwa huna kosa, unabaki na kitu mkononi, hujui pa kukitua. Ile damu ni kweli sikuichagua. Ndoo ya maji niliijaza kwa mikono yangu.

Siku mtoto alipopewa ruhusa, tulisimama nje ya wodi na vifurushi. Alikuwa amepungua mpaka masikio yameonekana makubwa. Mwanangu akanigeukia kwa adabu ile ile niliyomfundisha mwenyewe. "Mama, wewe ndiye uliyemlea. Ukisema anarudi Izia, atarudi Izia."

Zamu hii mkwe wangu alinitazama. Angeniomba, ningempa, nadhani. Lakini hakuomba, na mimi kutoa bila kuombwa sikuwa nimezoea. Nikasema, "Arudi kwangu. Nitamwangalia."

Nikamrudisha. Nilichemsha maji, nikamwogesha ndani na dirisha limefungwa. Nikamvalisha soksi za shule za baba yake mdogo, nikamkalisha karibu na jiko la mkaa na mlango wazi kidogo, nikamnywesha uji na maji mpaka akanisukuma mkono. Asubuhi nikafanya hivyo hivyo. Lakini nyumba yangu nilikuwa sijawahi kuitazama kwa jicho la mtoto huyu. Haina dari. Kati ya ukuta na bati unaona mbingu, na upepo unaingia hapo bila hodi, unazunguka chumba chote, unatokea upande wa pili. Nilichomeka matambara. Upepo ukayasukuma, yakaanguka. Nikapanda kwenye stuli niyachomeke tena, ndipo nikamsikia nyuma yangu, sauti ndogo tu, kama anaomba radhi: "Bibi, miguu."

Haikuwa kali. Alikuwa anaweza kusimama. Lakini nilipogeuka nikamwona amejikunyata kwenye jiko, magoti kifuani, kama bibi yangu kwenye mafiga, sikuwaza tena kitu kingine. Nikamfunga kwa mablanketi yote mawili, nikachukua kifuko cha dawa tulichopewa hospitalini, nikamwachia jirani kufuli afunge mlango.

Malangali nilimkuta mkwe wangu anapanga dagaa kwenye sinia, anajiandaa kwenda sokoni. Aliliacha sinia chini.

"Kaanza tena?"

"Kidogo. Mpe maji, mpe na ile dawa ya maumivu. Ikizidi tunakwenda hospitali."

Akampokea. Akamlaza ndani, mahali penye dari ya ubao, na jiko la upande wa pili wa ukuta linapasha chumba. Akarudi mlangoni, nami bado nimesimama nje na blanketi moja mkononi.

"Abaki hapa," nikasema.

"Mpaka baridi iishe?"

"Abaki."

"Ukoo utasemaje, Mama?"

"Ukoo nitaongea nao mimi. Na wanangu wengine nitawaambia wakapime, hasa yule anayetaka kuoa." Nilitaka kuongeza neno, lile neno linalostahili kusemwa. Badala yake nikasema, "Zile alama za usoni ni zangu. Na huu ugonjwa, nusu yake ni yangu."

"Najua," akasema. "Nusu nyingine ni yangu. Hakuna siku inayopita bila kuiwaza."

Kumbe mwenzangu alikuwa ameibeba nusu yake tangu siku ile ya majibu, na juu yake nilikuwa nimempandishia ya kwangu.

Hakuniambia nimekusamehe, na mimi sikumwomba. Mtoto yuko Malangali, anameza vidonge vyake kila siku, yuko karibu na kliniki, na maumivu yakija huwa hayakuti mtu wa kumwambia inuka ucheze. Mimi nashuka kutoka Izia nikimaliza shamba. Nikifika, mtoto ananikimbilia, lakini mama yake anamkamata begani kabla hajanifikia. "Subiri. Mama, pasha mikono kwanza."

Basi nachuchumaa kwenye jiko, mimi mzaa baba yake, mikono hii ya jembe iko juu ya makaa, naigeuza huku na huku. Mkwe wangu anakuja kuishika, anaipima kwa viganja vyake. "Bado," anasema. Naendelea kuota moto mpaka aseme basi.